Kikanisa cha makaburini: ukuta wa majina ambao Uvira haijajenga

Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi katika Kongo yetu. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa, mchana ni ya wazazi wazima. Mkaaji wa Mulongwe anaijua vizuri asubuhi hiyo: vijana wanatoka na majembe na mapanga, mama wanabeba vidumu vya maji, mtoto mmoja amepewa kopo la chokaa. Wanafika makaburini na wanaanza kutafuta. Hatujakosea neno. Wanatafuta, kwa sababu msalaba wa mti umeliwa na mchwa, kifusi cha udongo kimeshushwa na mvua, na jina lililoandikwa kwa rangi mwaka wa mazishi limefutika. Mzee wa jamaa anasimama, anahesabu hatua kutoka kwenye mti fulani, kisha anasema: ni hapa. Watu wanafyeka hapo. Kama mzee huyo naye hayuko tena mwaka ujao, nani atahesabu hatua?

Tunaandika leo juu ya jambo ambalo wengi wataona ni la anasa: nyumba ndogo ya sala katika makaburi, ile ambayo Wakatoliki wanaiita kikanisa. Najua swali litakalokuja. Barabara ni mbovu, umeme ni wa kubahatisha, ziwa limepanda na kufukuza watu majumbani, na ninyi mnataka tujenge nyumba ya wafu? Ngojeni kwanza.

Tuanze na mazishi yenyewe. Mtu akifa hapa kwetu, kilio kinafanywa nyumbani, chini ya hema, na viti vya kukodi, na usiku mbili tatu za nyimbo. Jamaa wanatoa walicho nacho na wasicho nacho. Lakini sanduku likifika makaburini, mambo yote yanakuwa ya haraka. Hakuna pa kuliweka ila juu ya udongo uliochimbwa. Pasta au padri anasoma akiwa ameinamisha kichwa kwa jua la saa nane, ama mvua inaanza na neno linakatwa katikati. Wazee hawana pa kukaa. Mjane amesimama kwenye matope. Dakika kumi, na kila mtu anatafuta pikipiki ya kurudi.

Kikanisa cha makaburini kilibuniwa kwa shida hiyo hiyo. Ni jengo dogo, kwa kawaida chumba kimoja. Mlango wake ni mpana, maana sanduku linabebwa na watu sita wanaokwenda wawili wawili. Katikati kuna meza ya mawe au ya matofali ya kupumzisha sanduku. Mabenchi yanajengwa pembeni, yakishikamana na ukuta, ili katikati pabaki wazi. Madirisha yanawekwa juu, hewa ipite na wapita njia wasichungulie. Kengele moja ndogo. Na ukuta: hapo ndipo majina yanaandikwa. Mtu akisikia neno urithi wa majengo anafikiri mnara na vioo vya rangi. Katika kikanisa, ufundi uko kwenye vipimo: upana wa mlango, kimo cha meza, kivuli cha paa.

Historia yake ina jambo la kutufunza. Zamani Ulaya Wakristo walizikwa ndani ya kanisa au kwenye uwanja wake, kila parokia na wafu wake mlangoni. Miji ikajaa, harufu na magonjwa vikazidi. Tarehe 12 Juni 1804 serikali ya Napoleon ikatoa amri kwamba makaburi yahamishwe nje ya miji, na kila mtu azikwe katika shimo lake. Ubelgiji wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa, kwa hiyo amri hiyo ilishika huko pia. Kanisa likabaki mjini, wafu wakaenda shambani, na ndipo ilipohitajika nyumba ndogo ya sala kule walikopelekwa. Wabelgiji walipokuja Kongo walikuja na desturi hiyo ya makaburi nje ya mji, wakaongeza yao: makaburi ya wazungu upande mmoja, ya weusi upande mwingine. Penye wazungu kulikuwa na ukuta, miti iliyopangwa na jiwe lenye jina. Upande wetu, mara nyingi, kulikuwa na uwanja tu. Uhuru ulifuta sheria ya rangi, lakini ule uwanja usio na kitu tuliuacha ulivyo.

Kando ya ziwa letu si kwamba hakuna historia ya kuwekea ukuta. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858. Livingstone na Stanley walizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa Novemba 1871 wakitaka kujua kama Ruzizi inaingia ziwani au inatoka. Wamisionari waliotumwa na Kardinali Lavigerie walikuwa tayari Masanze mwaka 1880, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao, Deniaud, Augier na D'Hoop, waliuawa ng'ambo, huko Rumonge. Wapentekoste wa Sweden waliingia upande wetu mwaka 1921, na kanisa la CEPAC linahesabu umri wake tangu hapo.

Halafu kuna tarehe ambayo kila Mkatoliki wa Uvira anaijua sasa: 28 Novemba 1964. Siku hiyo waasi waliwaua Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara huko Baraka, na Padri Giovanni Didonè pamoja na Padri Albert Joubert huko Fizi. Watatu walikuwa Waksaveri kutoka Italia. Joubert alikuwa mtoto wa ziwa hili, alizaliwa Mrumbi, upande wa Moba, mwaka 1908, baba Mfaransa na mama Mkongomani, Agnes Atakaye. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri hapa Uvira, katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Watu walijaa mpaka barabarani.

Siku ile tulifurahi sote, hata wasio Wakatoliki. Lakini mahali pakishakuwa pa hija, pesa zinakuja, na pesa zikija, jambo la kwanza linalofanywa ni kubomoa. Ukuta wa zamani wa matofali ya kuchoma unaonekana kama aibu. Linawekwa jengo la bloku za sima, vigae vya kung'aa na nguzo za kupaka rangi ya dhahabu. Tumeona hivyo kwa makanisa mengi ya jimbo hili, ya kila dini. Wengine wanaacha ukuta wa kale lakini wanaupiga plasta ya sima juu, wakidhani wameuokoa. Fundi yeyote mzoefu atawaambia: matofali yaliyojengwa kwa udongo au chokaa yanahitaji kupumua. Yakifungiwa ndani ya sima, maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea, na baada ya miaka michache ukuta unavimba na plasta inaanguka na kipande cha tofali. Chokaa ingetosha, na ni rahisi kuliko sima.

Sasa twende mbali kidogo, Nyeri, katika Kenya. Nje ya mji, upande wa misioni ya Mathari, kuna kanisa ambalo Waitalia walilijenga mwaka 1952 kwa ajili ya wafu wao wa vita ya pili ya dunia. Wengi wao walikamatwa na Waingereza Ethiopia na Somalia, wakapelekwa kambini Kenya, wakafia huko. Ndani ya kuta za kanisa hilo wamewekwa watu 676. Ukuta wenyewe ndio makaburi: umegawanywa katika vishimo, kila kimoja kimefungwa kwa jiwe, na kila jiwe lina jina, na asiyejulikana ameandikiwa kwamba hajulikani. Mbele ya altare amelala Amedeo, mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkubwa wao wote katika Afrika ya Mashariki, aliyefariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mfungwa. Mtu wa ukoo wa kifalme yuko katika chumba kimoja na askari wa kawaida.

Mtu anaweza kuuliza, hao Waitalia walikwenda Ethiopia kufanya nini? Walikwenda kuvamia. Hatuna haja ya kuficha hilo. Lakini tazama walivyofanya na wafu wao baada ya kushindwa: waliwakusanya, wakawahesabu, wakaandika, wakawawekea paa. Walioshindwa vita walifanya hivyo katika nchi ya mwenyewe aliyewashinda. Na kabla ya hapo, mwaka 1942, wafungwa walioletwa kuchimba barabara ya bonde la Mai Mahiu walijijengea kikanisa pembeni ya barabara, kidogo kabisa, watu wachache tu wanaenea ndani. Bado kipo, na madereva wanasimama hapo.

Bagamoyo ni mfano mwingine, wa karibu zaidi na sisi kwa damu. Misioni ile ilianza 1868, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na njia ya watumwa tunajua ilipita wapi: ilitoka huku kwetu, ikavuka ziwa hadi Ujiji, ikaenda hadi pwani. Mwili wa Livingstone uliobebwa na Chuma, Susi na wenzao ulilala hapo usiku mmoja, Februari 1874. Wanaotembelea wanaonyeshwa makaburi ya mapadri, ambao wengi walikufa wangali vijana, na pango la Bikira Maria lililojengwa na waliokombolewa mwaka 1876. Mapadri wana majina yao kwenye mawe. Waliojenga pango tunawaita tu «watumwa waliokombolewa». Bila shaka kati yao walikuwemo watu wa Tanganyika. Babu zetu wapo katika jengo lile kama mikono isiyo na jina.

Hilo ndilo linalotuuma, na linatuleta kwenye vita ya kwanza. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilivuka Ruzizi likaenda kuchukua Usumbura, na Septemba mwaka huo Tabora ikaanguka. Mizigo haikujibeba. Wapagazi walikamatwa vijijini kwa maelfu, na waliokufa njiani kwa njaa na kuhara walizikwa walipoanguka. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, wengi Waafrika, hawakuwahi kuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri kulichelewa miaka mia moja, lakini walikiri.

Sisi tumekiri nini? Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka kutoka mlimani usiku, na mawe na miti. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu ziliondoka. Nani ana orodha kamili ya majina ya waliokufa? Si idadi, majina. Ofisi zilitoa hesabu, hesabu zikabadilika, kisha msimu mwingine wa mvua ukafika. Hakuna ukuta wowote katika mji huu ambao mtoto wa Mulongwe anaweza kupelekwa na kuonyeshwa: dada yako huyu hapa.

Na tukisema majina, tufike mahali pagumu. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, huko Makobola na vijiji vya jirani, waliuawa watu zaidi ya 800, kwa hesabu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010. Tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, ng'ambo ya mpaka tu, wakimbizi zaidi ya 150, wengi Wanyamulenge, wengi wanawake na watoto, waliuawa na kuchomwa ndani ya mahema. Kila mwaka kuna watu wanaokumbuka Makobola, na kuna watu wengine wanaokumbuka Gatumba. Mara chache ni watu wale wale. Uvira iko katikati ya sehemu hizo mbili, saa moja au chini ya hapo kila upande.

Msimamo wetu ni huu, na tunajua si wote watakaoupenda: ukuta ukijengwa, majina yote yaingie. Kama kikanisa cha mji kitakuwa na wafu wa upande mmoja, afadhali kisijengwe, maana kitakuwa silaha ya matofali. Mama aliyezika mtoto Makobola na mama aliyezika mtoto Gatumba hawana haja ya kupatanishwa na hotuba yetu. Wana haja ya mahali ambapo jina la mtoto haliwezi kufutwa na mwenye bunduki wa msimu.

Septemba 2023, katika kikao kimoja cha UNESCO, yaliingizwa kwenye urithi wa dunia makaburi ya vita ya kwanza ya Ubelgiji na Ufaransa, sehemu 139 kwa pamoja, na pia sehemu nne za kumbukumbu za Rwanda, mojawapo ikiwa kanisa la Nyamata. Kutaja Rwanda hapa Uvira ni kutonesha kidonda, na hatutaji ili kumsifu mtu. Tunataja kwa sababu miaka mingi wakubwa wa urithi walisita kupokea sehemu za mauaji na makaburi, na sasa mlango umefunguliwa. Kongo ina sehemu tano katika orodha hiyo: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Zote ni pori na wanyama. Jengo, hakuna hata moja. Mtu wa nje akisoma orodha hiyo atadhani nchi hii ilikaliwa na sokwe tu.

Sheria tunayo. Ile ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni inaruhusu jengo au mahali kuandikishwa na kulindwa. Kikwazo ni kwamba hakuna anayepeleka faili. Jimbo la kanisa linangoja serikali, serikali inangoja mfadhili, mfadhili anauliza faili iko wapi.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayangojei Kinshasa. Kwa makanisa ya Baraka na Fizi na vituo vya zamani vya misioni: kabla fundi hajagusa tofali, pigeni picha kila ukuta, pimeni kwa kamba, chora mpango hata kwa penseli, andikeni wazee wanasema nani alijenga. Vijana wa shule za ufundi wanaweza kufanya kazi hiyo kwa wiki moja. CEPAC na makanisa mengine ya Kiprotestanti yafanye hivyo kwa vituo vyao pia, maana urithi si wa Wakatoliki peke yao.

Kwa makaburi ya mji: tusianze na jengo kubwa. Paa la manjanja juu ya nguzo nane za matofali, meza ya katikati, mabenchi, na ukuta mmoja tu, upande wa mlima ambako upepo na mvua vinatoka. Tunasema paa lililo wazi pande tatu kwa makusudi. Waislamu wa Uvira ni wa siku nyingi, na wanahitaji mahali pa kusimama safu kwa swala ya jeneza. Hawawezi kusali chini ya msalaba, wala hawaandiki juu ya makaburi kama sisi. Jengo lisilo na alama ya dini, ambalo kila mmoja anakuja na sala yake, litawafaa wote, na hakuna atakayegombania ufunguo. Neno kikanisa basi litakuwa jina la mazoea tu. Watu wakipata jina bora, walitumie.

Mahali pa kujenga ni neno la maisha au kifo, kama ilivyo kwa kila kitu Uvira. Mji huu ni kamba nyembamba kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka kwa nguvu, ziwa nalo lilipanda mwaka 2020 na tena 2024. Msingi uinuliwe juu ya ardhi, mtaro uchimbwe upande wa juu kabla ya kuweka tofali la kwanza, na paa litokeze mbele ya ukuta kwa zaidi ya mkono mmoja ili maji yasipige majina. Wamisionari wa kwanza walijua hayo bila injinia: kuta nene, baraza pande zote, paa refu. Walijifunza, tunafikiri, kutoka kwa nyumba za wenyeji.

Ukuta utaandikwaje? Rangi haifai, tumekwisha kuona. Vibao vya udongo uliochomwa, jina likichorwa kabla ya kuchoma, ni kazi ambayo wachoma matofali wetu wanaiweza, na kibao kikivunjika kinabadilishwa kimoja peke yake. Jina, mwaka, mahali. Hakuna kabila, hakuna chama, hakuna «shujaa» wala «mhanga».

Lakini ukuta bila orodha ni ukuta tu. Orodha inaweza kuanza sasa, bila hata tofali moja. Kila kartie ina shefu wake, kila shefu ana daftari. Tunaomba meya wa mji na wakubwa wa komine za Mulongwe, Kalundu na Kagando watangaze kwamba 1 Agosti ijayo, asubuhi, kwenye mlango wa kila makaburi kutakuwa na meza moja, kiti kimoja na daftari moja. Anayepita na jembe lake asimame, ataje jina la mtu wake, mwaka aliokufa, na hatua ngapi kutoka mti gani. Mashirika ya raia yatoe vijana wa kuandika, wawili kwa kila meza, mmoja akiandika na mwingine akisoma tena kwa sauti ili jina lisikosewe. Nakala moja ibaki komine, nyingine jimboni, nyingine msikitini, nyingine ofisini kwetu. Sisi kwa upande wetu tutachapisha majina ya waliokufa katika mafuriko ya 2020 kadiri jamaa watakavyotuletea, na tutasahihisha kila kosa tutakaloonyeshwa.